Papa Déo Amekufa Tena

Mkiniona saa sita mchana nainua mkono ili watu wanyamaze mezani, msifikiri ni uzee. Nasikiliza komunike, matangazo ya vifo ya redio. Wajukuu wangu wameshazoea, wanajua sahani yaweza kungoja lakini Maman Faida hangoji. Anasoma jina la marehemu, kijiji chake, nyumba yenye msiba na saa ya mazishi, kisha anarudia yote polepole kwa ajili ya wale waliokuwa nje wakaingia wakikimbia. Ninyi wenye simu mbili mbili mnacheka. Lakini iko milima juu ya Kalehe ambako simu ni taa ya kumulikia njia tu, na huko mtu akikosa komunike amekosa kumzika mtu wake. Atashuka mjini siku nyingine na viazi vyake, ndipo aonyeshwe kaburi.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilizunguka fomu moja ya komunike hizo, na mtu mmoja aliyenifundisha kuipima. Ndiyo maana mnaponijia hapa nyumbani mkitaka niwape mbinu za kupima usalama wa tovuti, mimi naanza na habari za redio, na ninyi mnaanza kuangalia saa. Vumilieni. Mbinu zimo humo humo.

Kazi yetu ilikuwa kuvunja tovuti za watu kwa ruhusa yao, ili wazijue nyufa kabla mwizi hajazijua. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kwamba binti yake ameolewa na mwizi mwenye kitambulisho. Sikumlaumu. Hata mimi siku ya kwanza nilijiuliza ni kazi gani hii ambayo ukiifanya vizuri mwenye nyumba anakasirika, na ukiifanya vibaya anakushukuru na kukununulia bia.

Aliyeniingiza humo ni Papa Déo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta, mtu mfupi, pulova ya kijani mwilini hata wakati wa kiangazi, mfukoni mahindi ya kuchoma. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na dada yake mkubwa, Nzigire, ambaye baadaye aliolewa huko kwenye milima ya Kalehe. Papa Déo alimnunulia redio ya betri, na kila alipopata mtu wa kupanda huko alimtumia betri mpya. Yaya Nzigire, kama sisi tunavyomwita dada mkubwa, aliiwasha saa sita kasoro kidogo, akasikiliza komunike, akaizima ili betri zisiishe. Ndivyo alivyoishi na habari za mji.

Siku moja tukiwa tunashuka Nyawera kwa miguu, bila mimi kumuuliza, Papa Déo aliniambia: "Siku yangu ikifika, yaya njo atatupa udongo ya kwanza. Kama hajafika, musinifunike." Nilicheka, nikamwambia bado ana mahindi mengi ya kula. Yeye hakucheka.

Sasa, fomu. Jina la redio hiyo silitaji. Walikuwa wametengeneza tovuti ili familia yenye msiba, hata ikiwa Kinshasa au Ulaya, ijaze jina la marehemu na mpango wa mazishi, ibonyeze, na maneno yatokee kwenye kompyuta ya Maman Faida tayari kwa kusomwa. Mkurugenzi alituita tuipime. Papa Déo alimwomba kwanza karatasi yenye saini na muhuri, inayosema tunaruhusiwa kugusa nini na tusiguse nini. Bila karatasi hiyo hakufungua hata kompyuta. Mfanyabiashara mmoja wa Kadutu aliwahi kumbembeleza achungulie kidogo tu tovuti ya mshindani wake. Papa Déo alivuta pulova yake chini, akaaga, akaondoka na bia yake haijafika nusu. Hapo ndipo nilipojua ni mtu wa msimamo, maana bia ilikuwa baridi na yeye ndiye aliyekuwa ameiomba.

Mwizi hapigi hodi, alisema, sisi tunapiga, na tofauti yetu ni hiyo tu, kwa sababu vidole ni vile vile.

Siku ya kwanza hakunionyesha mbinu yoyote. Alinikalisha mbele ya fomu akaniambia niitumie kama mteja. Nikajaza haraka haraka, nikabonyeza, nikamgeukia nikingojea sifa. Akatikisa kichwa. "Uko unajaza kama injenieri," akasema. "Mama yako amekufa asubui. Unalia, mikono inatetemeka, tonton, mjomba yako, iko nyuma yako anapiga makelele. Jaza sasa." Nilijaza tena nikimfikiria mama yangu, na kweli nilikosea mara nyingi, na kila kosa lilinionyesha kitu ambacho fundi aliyetengeneza tovuti hakukifikiria. Mpaka leo naamini hakuna somo kubwa kuliko hilo. Anayevunja tovuti kwa ujanja na anayeivunja kwa machozi mara nyingi wanapita mlango mmoja.

Ufa wa kwanza tulioupata ulikuwa wa namna hiyo. Mnajua kwetu mwanamke hubeba jina la baba yake na M' mbele, pamoja na ile alama ndogo ya juu. Basi fomu ilipofika kwenye alama ile ilikufa. Ukurasa ulikuwa mweupe, na juu maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka. Fundi alizieleza familia kwamba zinaandika vibaya, waondoe hiyo M' na alama yake. Wakaondoa. Matokeo yake, mabibi wa Kabare wakawa wanatangazwa kwa majina ya baba zao, na watu wakavuka vilima kwenda kuwalilia wazee ambao walikuwa wamewazika wenyewe zamani. Kwenye redio walikuwa wanacheka tu habari hiyo.

Papa Déo hakucheka. Alivuta kiti. Alama ndogo ikiangusha ukurasa, alinieleza, maana yake ni kwamba maneno ya mteja yanaingia moja kwa moja ndani ya amri inayopelekwa kwenye hifadhidata. Ni kama mgeni uliyemkaribisha sebuleni, naye akapita moja kwa moja hadi jikoni na kumwambia mpishi apike nini. Akaandika jina la M' lenye alama, akaongeza maneno machache nyuma yake, akabonyeza. Zikatoka namba za simu za familia zote zilizowahi kupata msiba, ukurasa baada ya ukurasa. Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai, alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Dawa yake mnaijua, ni kutenganisha amri na maneno ya mteja, mgeni abaki sebuleni. Ninyi mnaisoma shuleni katika wiki za mwanzo. Sisi tulifundishwa na bibi wa Kabare aliyeshindwa kutangazwa.

Siku hizo mtandao ulikuwa wa sahani ya satelaiti, na courant, umeme wenyewe, ilikuwa inakuja ikipenda. Tulikuwa na proksi, ile programu inayokaa katikati ya kivinjari na seva ili usome na kubadilisha kila kinachopita, lakini ukituma ombi moja Papa Déo alikuwa na nafasi ya kumaliza hindi zima kabla jibu halijarudi. Kwa hiyo tulifikiri kwanza. Kila komunike ilikuwa na namba mwishoni mwa anwani yake. Ukiwa ndani ya komunike yako, ukabadilisha namba ile kwa mkono, ulijikuta kwenye komunike ya jirani, na kitufe cha kurekebisha kipo wazi kinakungoja. Ungeweza kusogeza mazishi ya mtu. Tulijaribu namba chache tu, moja moja, na baada ya kila moja Papa Déo aliniuliza mwenye komunike ile anaitwa nani na mazishi yake ni wapi, ili nisisahau kwamba ni mtu.

Leo mnawasha mashine, inapiga milango yote ya tovuti wakati ninyi mnakula chapati, na jioni mnaniletea ripoti nene mnayoshindwa hata kuibeba. Sisemi ni vibaya. Ningekuwa nayo ningeitumia, na mahindi ningekula kwa raha. Lakini mashine itawaambia ukurasa fulani hauna kinga fulani, haitawaambia kwamba kusogeza saa ya mazishi kidogo tu ni kumfanya mtoto akute kaburi limeshafunikwa. Hilo lazima mlijue wenyewe.

Sasa niwasimulie habari ya Mudaka, maana kila kitu kilichofuata kilitoka huko.

Ili kupima fomu ya vifo lazima uandike kifo. Fundi wa tovuti alituhakikishia kwamba ukurasa wa majaribio uko mbali kabisa na ule wa kweli. Papa Déo akatunga marehemu. Alichukua jina la ubatizo la jirani yake, akaliunganisha na jina la mjomba wake, akaandika kijiji cha kwanza kilichomjia kichwani, Mudaka. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa kuwa mwenye jina yuko hai na ameshauawa mara moja, yatosha. Ninyi wa huku mnaelewa kosa hilo. Mtu wa nchi nyingine anaweza kubuni jina likakosa mwenyewe. Kwetu, kwa jinsi majina yanavyorudi toka babu hadi mjukuu, ukiunganisha mawili yoyote, kwenye kilima fulani kuna mtu atakayeitika.

Na ule ukurasa wa majaribio haukuwa mbali na wa kweli. Ilikuwa milango miwili ya chumba kimoja. Tulikuwa tunakula wali na maharage kwa maman mmoja karibu na redio, naye alikuwa amewasha redio yake juu ya meza, tukamsikia Maman Faida akimtangaza marehemu wetu kwa sauti ile ya huruma. Papa Déo aliacha kutafuna. Sikuwahi kumwona mtu mweusi akigeuka rangi mpaka siku hiyo.

Mwenye jina alirudi kutoka shambani akakuta mikeka imetandikwa nyumbani kwake, wanawake wanalia, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, imeshaletwa na majirani, na ndugu yake anabishana na mtu juu ya mahali pa kuchimba. Watoto walimkimbia. Wakubwa nao walirudi nyuma. Lakini mama yake mzazi, mwanamke mzee sana, alikuwa ameanguka aliposikia redio, na hata mtoto wake aliposimama mbele yake hakuweza kuinuka. Baadaye alipona, ila kwa muda mrefu hakukubali mtoto wake aende peke yake hata msalani. Mwanaume mwenye ndevu, anatembea ameshikwa mkono na mama.

Tulipanda Mudaka na mkurugenzi, na mbuzi, na kasiksi ya kuomba radhi. Mkurugenzi alisema maneno mengi mazuri. Papa Déo alijaribu kueleza fomu, majaribio, ukurasa huu na ukurasa ule, mpaka sauti ikamwishia. Yule mama mzee alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya goti la mtoto wake.

"Muliua mutoto yangu na kinywa ya redio," akasema. "Niliamini, juu redio haijanidanganyaka. Kama munatafuta maiti ya kujaribia, kila mutu aanze na jina yake mwenyewe."

Kasiksi aliikubali. Tulikunywa wote kutoka chombo kimoja, yakaisha. Kwenye gari Papa Déo aliyarudia maneno ya mzee yule hadi tulipoingia mjini, nami nikajua yameingia kwake kama sheria.

Kuanzia hapo mambo mawili yalibadilika. La kwanza, Maman Faida aliapa kutosoma kifo chochote kabla ya kupiga simu kwa familia na kusikia sauti ya mtu. La pili, kila tuliporudi kupima fomu, na tulirudi kila walipobadilisha kitu, marehemu alikuwa Papa Déo mwenyewe. Jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani. Alikufa kwa malaria, alikufa kwa ajali, alikufa hata kwa uzee akiwa bado na meno yote. Komunike ikitokea kwenye kompyuta ya Maman Faida, simu ya Papa Déo ililia papo hapo.

"Papa Déo, uko?"

"Niko."

"Basi nafuta."

Ikawa mchezo wao. Akifika redioni, mlinzi wa mlangoni alimpokea kwa kumuuliza amefufuka saa ngapi. Mimi nilikuwa nacheka hadi machozi, na leo nikikumbuka bado machozi yanakuja, ila si yale yale.

Lakini siku moja Maman Faida alikuwa mgonjwa, msaidizi wake akaketi mahali pake, akawa na jina la Papa Déo mdomoni tayari kulisoma. Mtu wa mitambo alimzuia kwa kugonga kioo. Papa Déo aliposikia alikimbilia redioni, kwa sababu alijua nani huko Kalehe anawasha redio kila siku saa sita kasoro. Akamwomba fundi aweke kichujio ndani ya tovuti: komunike yoyote yenye jina lake ipokelewe, ijibiwe kwamba imefika, lakini isipite kwenda kwa msomaji. Nilikuwepo. Nikaona ni busara. Ilikuwa ya muda tu, mpaka majaribio yaishe.

Majaribio hayaishi, vijana wangu. Na vitu vya muda ndivyo vinavyodumu. Fundi yule alihamia Kigali, akaja mwingine, akaja mwingine, tovuti ikapakwa rangi mpya mara nyingi. Papa Déo mwenyewe aliyenifundisha kwamba ukimaliza kupima uondoe ngazi yako ukutani, alizeeka, akastaafu, nami nikafuata nyuma yake. Kichujio kikabaki.

Alifariki asubuhi moja ya mvua, bila kuugua sana. Mke wake alinipigia, nikaenda, nikakuta nyumba imeshajaa. Binti yake alikuwa amejaza fomu ya redio kwa simu yake. Akanionyesha: imepokelewa. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya padri. Nilimuuliza mjane kuhusu Yaya Nzigire. Akasema huko juu simu haishiki, wamejaribu tangu alfajiri, lakini atasikia saa sita, atapata gari la mchana, atafika. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Aliiamini komunike kama anavyoamini kengele ya kanisa.

Saa sita tulinyamaza wote, redio katikati. Maman Faida alisoma marehemu wa Bagira, wa Katana, wa Walungu. Akarudia. Muziki ukaanza.

Watu waliangaliana. Binti akachukua simu yake tena, akasoma tena kwa sauti: imepokelewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikumbuka kichujio, nikamwona Yaya Nzigire mlimani akinyoosha kidole na kuizima redio yake ili kutunza betri, ameridhika kwamba leo hakuna mtu wake aliyekufa.

Sikuaga. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoikuta barabarani, katika matope, na kijana aliyeiendesha alinisikia nikisema peke yangu akafikiri namwambia aongeze mwendo. Maman Faida alikuwa anafunga mkoba wake aende nyumbani. Nilimwambia kwamba komunike ya Papa Déo haikumfikia.

Akatabasamu. "Papa Déo amekufa tena?"

Nikavua kofia. Akaniangalia vizuri, matope hadi magotini, kofia mkononi, na tabasamu likamtoka polepole. Alichukua simu yake, akatafuta jina lake kama alivyozoea, akaliangalia, kisha akaiweka simu mezani uso chini. Nikasema, "Hii si majaribio, Maman."

Hakuniomba karatasi. Aliingia studio, akamwonyesha mtu wa mitambo ishara akate muziki katikati ya wimbo, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Akasoma jina, akasoma mahali na saa, kwa Kiswahili kisha kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, bila kuandika chochote. Nikafikiri amemaliza. Akaongeza: "Huyu papa njo alifanyaka kazi ili mukisikia jina hapa, muamini. Leo iko jina yake. Mutu mwenye anamujua Maman Nzigire, kule juu Kalehe, amufikie."

Tulikesha bila kujua kama ilitosha. Wa kwanza kufika asubuhi alikuwa mtu wa Mudaka, yule yule, sasa mwenye mvi, na mtungi wa kasiksi kichwani mwa kijana wake. Mama yake alikwisha kufariki zamani. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, alipofika kwangu akasema, "Yeye aliniuaka. Nimekuya kumuzika." Tulishikana tukacheka, kwenye msiba, mbele ya padri.

Yaya Nzigire alifika tukiwa tumeshafika makaburini. Alishuka kwenye gari la mchanga, miguu imevimba, analetwa na mwanamke nisiyemjua. Redio yake kweli ilikuwa imezimwa. Ni huyo mwanamke, muuza duka chini ya kilima, aliyesikia, akafunga duka na kupanda mlima kwenda kumwambia. Nilimuuliza kama hakusita, maana saa ile si ya komunike. Akashangaa swali langu. Redio ilisema, akanijibu.

Yaya aliinama kwa shida, akachukua udongo mkononi. Hakuutupa haraka. Kwanza aliuvunjavunja kwa vidole, akitoa vijiwe.

Wiki iliyofuata nilikwenda redioni na Nsimire. Wengi wenu mnamfahamu, ndiye fundi wa tovuti ile sasa, binti mwenye macho makali kuliko mashine zenu zote. Aliutafuta mstari ule katika msimbo, akaupata umefukiwa chini ya kazi za watu watatu. Hakuondoa jina tu, aliondoa kichujio chote. Kisha akatengeneza sehemu ya majaribio iliyo mbali kweli, na hifadhidata yake yenyewe, ili asihitajike mtu wa kufa tena. Nilimsifu, na mimi sisifu ovyo.

Lakini alijua, kama ninavyotaka ninyi mjue, kwamba mwisho wa yote lazima upitishe komunike moja kwenye fomu ya kweli, uone kama inafika. Akafungua fomu. Kwa mazoea akaanza kuandika D na É, kama walivyofanya mafundi wote wa nyumba ile, na vidole vyake vikasimama. Aliniuliza sasa tutatumia jina la nani.

Nilivuta kiti nikaandika langu. La ubatizo, la nyumbani, kijiji, saa ya mazishi. Nilijiandikia mazishi ya mchana, sipendi baridi ya asubuhi. Nikabonyeza.

Simu yangu ililia kabla sijasimama.

"Papa Murhula, uko?"

"Niko," nikasema.

"Basi nafuta."